Kampuni ikikiri kuua watu 84, nani anakwenda jela?

Kulabu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, wala sitamlaumu.

Tarehe 16 Juni 2020, katika mahakama ya wilaya ya Butte, California, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya umeme na gesi ya PG&E, Bill Johnson, alisimama mbele ya jaji. Likasomwa jina la marehemu wa kwanza, akaulizwa kampuni inajibu nini. Akajibu kwamba ina hatia. Likasomwa la pili, jibu lile lile. Ikaendelea hivyo mpaka majina 84 yakaisha. Makosa 84 ya kuua bila kukusudia, na moja la kuwasha moto kinyume cha sheria.

Kisha akatoka akaenda zake. Kampuni ikatozwa faini ya takriban dola milioni 3.5, na hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu. Gawanyeni wenyewe kwa 84.

Kinachonikera zaidi ni hiki: Johnson aliajiriwa 2019. Moto ule, unaoitwa Camp Fire, uliwaka Novemba 2018. Kwa hiyo mtu aliyetamka hatia mara 84 hakuwepo ofisini siku watu wanaungua, na mwisho wa mwezi ule ule wa Juni akaacha kazi. Waliokuwepo hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa.

Sasa chanzo. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba, kama saa kumi na mbili na robo, kulabu ya chuma kwenye mnara wa laini ya msongo mkubwa iitwayo Caribou-Palermo ilikatika. Kulabu yenyewe ina umbo la herufi C, kazi yake ni kuning'iniza vikombe vinavyobeba waya. Laini hiyo ilijengwa mwaka 1921. Upepo ukivuma vikombe vinabembea, na kulabu inasuguana na tundu ilimopita. Inasuguana leo, inasuguana kesho, karibu miaka 100. Chuma kikaliwa taratibu mpaka kikabaki chembamba, kikashindwa. Waya ukagusa mnara, cheche na chuma kilichoyeyuka vikadondokea nyasi kavu. Mji wa Paradise ukateketea, majengo zaidi ya 18,000, watu 85 wakafa, 84 kati yao ndio waliosomwa mahakamani. Wachunguzi walipokagua minara mingine ya laini ile wakakuta kulabu nyingine nazo zimeliwa.

Kwamba chuma kinalika kila fundi anajua. Jambo ambalo lingeweza kuokoa watu ni mtu kupanda, kuangalia, kuandika alichokiona, na maandishi hayo kufika kwa mwenye fedha.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 9 Septemba 2010 jioni, San Bruno, huko huko California, bomba la gesi la inchi 30 la kampuni hiyo hiyo lilipasuka katikati ya makazi. Watu 8 wakafa, nyumba 38 zikateketea. Ilichukua dakika 95 kuifunga gesi, kwa sababu valvu zilikuwa za kufungwa kwa mkono na ilibidi mafundi waendeshe gari kuzifuata. Kumbukumbu za kampuni zilisema kipande kile cha bomba hakina mshono. Kilipochimbuliwa, kilikutwa ni vipande vifupi vifupi vilivyounganishwa 1956, vyenye mshono, tena ulehemu wenyewe haukushika mpaka ndani. Yaani kwa zaidi ya miaka 50 karatasi zilikuwa zinaeleza bomba ambalo halipo.

Agosti 2016 juri ikaikuta kampuni na hatia kwa makosa sita, matano ya usalama wa mabomba na moja la kuwakwamisha wachunguzi. Faini dola milioni 3, kazi za jamii, na miaka mitano chini ya uangalizi wa mahakama kuanzia Januari 2017. Pigeni hesabu: Paradise iliungua kampuni ikiwa bado ndani ya uangalizi huo.

Msimamo wangu, na nipingeni: faini kwa kampuni ya umeme, gesi au maji ni bili tu, na mteja ndiye huishia kuilipa, maana hana pa kuhamia. Tunachohitaji ni jina la mtu hai chini ya kila karatasi inayosema "kifaa hiki ni salama", na jina lingine la bosi aliyeipokea. Bila hivyo tutaendelea kusomewa majina ya marehemu na watu wasiohusika.

Nawasilisha.

Msomaji Mkimya

Naweka kambi hapa.

Nondo

Mkuu, umechagua upande mmoja wa hesabu. Mbona hujasema kwamba San Bruno peke yake mdhibiti wa California aliipiga kampuni dola bilioni 1.6 mwaka 2015? Na baada ya moto iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2019, ikakubali kuwalipa wahanga dola bilioni 13.5. Hizo si fedha za soda. Kuna wanahisa walilia.

Kulabu (mleta uzi)

@Nondo nimeziacha makusudi ili mtu azilete, ahsante. Tuzifungue.

Ile bilioni 1.6: milioni 850 zilikuwa za kukarabati mabomba, kazi ambayo kampuni ilipaswa kuifanya hata kama kusingekuwa na maiti. Milioni 400 zikarudi kwa wateja kwenye bili. Faini hasa iliyokwenda serikalini ilikuwa milioni 300. Siidharau, ila tusiseme bilioni 1.6 kana kwamba ni kiboko kimoja.

Na ile bilioni 13.5 ya wahanga wa moto ndiyo inachekesha kwa uchungu. Nusu yake ilitolewa kwa hisa za kampuni yenyewe. Umepoteza mama, umepoteza nyumba, halafu fidia yako inategemea bei ya hisa za walewale. Ukitaka upate chako inabidi uwaombee wafanye biashara vizuri.

Bint Sheria

Nisaidie kidogo upande wa sheria, maana wengi wanadhani waendesha mashtaka ni waoga. Wakati mwingine ni waoga kweli, lakini kuna tatizo la msingi.

Ili kampuni iwe na hatia ya kuua, sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo nchi nyingi zilirithi, ilitaka umpate mtu mmoja wa juu kabisa, yule ambaye akili yake ndiyo akili ya kampuni, na kosa lote liwe lake. Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kwa sababu ilitoka na milango ya mbele wazi. Watu 193 wakafa. Kesi ya jinai dhidi ya kampuni ikaporomoka. Makosa yalikuwa yametapakaa: huyu kalala, yule hakuangalia, na maombi ya kuwekwa taa ya kumwonyesha nahodha kama milango imefungwa yalipuuzwa ofisini. Kwa mtu mmoja hayatoshi, kwa jumla yameua.

Sasa mfano wa gesi. Desemba 1999, Larkhall, Uskoti, gesi ilivuja kutoka bomba lililoliwa na kutu, nyumba ikalipuka, familia ya watu wanne ikaisha. Kampuni ya Transco ikashtakiwa kwa kosa la kuua. Mwaka 2003 shtaka hilo likatupwa kwa sababu ile ile, waliojua walikuwa wamegawanyika kwenye kamati na vitengo. Ikabaki sheria ya usalama kazini, na 2005 ikatozwa pauni milioni 15.

Uingereza ikatunga sheria mpya 2007, ikaanza kutumika Aprili 2008. Sasa huhitaji kumpata mtu mmoja, unaangalia jinsi viongozi wa juu walivyoendesha shughuli. Kampuni ya kwanza kutiwa hatiani, mwaka 2011, mnaijua? Cotswold Geotechnical, kampuni ndogo ya kupima udongo, mfanyakazi wake alifukiwa na shimo. Faini pauni 385,000. Wakubwa bado wana ngazi nyingi mno kati ya bodi na shimo. Tena sheria hiyo yenyewe haimfungi mtu, inaadhibu kampuni tu.

Kwa hiyo mleta uzi, hoja yako ya jina naielewa. Ila ujue unachoomba ni kupindua ngazi yote, siyo kuongeza kifungu.

Nguzo Kavu

Mimi nipo upande wa kuiua kampuni, na usinicheke. Septemba 13, 2018, yaani miezi miwili kabla ya Paradise, kulikuwa na milipuko ya gesi Lawrence, Andover na North Andover, jimbo la Massachusetts. Kampuni ni Columbia Gas.

Ilikuwa hivi. Mafundi walikuwa wanabadilisha bomba la zamani la chuma cha kusubu wanaweka la plastiki. Regulata ya gesi ina mrija mwembamba unaoipa habari za presha iliyomo kwenye bomba: presha ikishuka regulata inafungua zaidi, ikipanda inabana. Mirija ile ilikuwa bado imeunganishwa kwenye bomba la zamani. Walipolikata bomba la zamani, presha yake ikaanza kushuka. Regulata masikini ikaona gesi imepungua, ikafungua. Ikaona bado, ikafungua tena. Gesi yote inakwenda kwenye bomba jipya, na jiko la kila nyumba linapokea presha ambayo halikuumbiwa. Nyumba zikaanza kuwaka mtaa mzima. Kijana wa miaka 18 alikufa ndani ya gari alipoangukiwa na dohani, na wengi wakaumia.

Kifaa hakikuharibika. Kilifanya kazi yake sawasawa kabisa. Aliyekosea ni yule aliyeandaa ramani ya kazi bila kuweka mirija ile, na mpango haukupita mikononi mwa mhandisi mwenye leseni, kwa sababu sheria ya jimbo ilikuwa imezisamehe kazi za namna hiyo.

Hukumu ya 2020: faini dola milioni 53, ikakokotolewa kuwa mara mbili ya faida waliyopata kwenye mradi ule wa kubadilisha mabomba. Halafu wakaambiwa wauze biashara yao yote Massachusetts na waondoke. Wakauza kwa kampuni nyingine, Eversource. Hiyo ndiyo adhabu ninayoielewa. Kampuni haina roho ya kufungwa, lakini ina eneo, na eneo linanyang'anyika.

Kulabu (mleta uzi)

@Nguzo Kavu hapo umenipa kitu. Faini kupimwa kwa faida iliyopatikana kwenye kazi ile ile ni jambo la maana sana, na naomba niliongeze kwenye msimamo wangu. Nakumbuka kwenye kesi ya San Bruno waendesha mashtaka walikuwa na njia ya kudai faini ya hadi dola milioni 562 kwa mantiki inayofanana na hiyo, wakaiacha wakati juri imeshaingia kujadili, kiwango cha juu kikashuka hadi milioni 6.

Ila kuhusu kuuza: waliouza walilipwa zaidi ya dola bilioni moja. Kunyang'anywa kwa namna hiyo hata mimi nanyang'anyika.

Mama Klorini

Mnajadili makampuni ya wanahisa kana kwamba shirika la umma haliui. Nimefanya kazi kwenye maji, nitasema.

Walkerton, Ontario, Kanada, Mei 2000. Mvua kubwa ikasukuma kinyesi cha ng'ombe kwenye kisima namba 5. Maji yakaingia na bakteria aina ya E. coli. Mji mdogo, watu kama 2,300 wakaugua, 7 wakafa. Msimamizi wa shirika la maji la mji alikuwa Stan Koebel, ndugu yake Frank akiwa msimamizi wa shughuli. Kila siku kulitakiwa kupimwa mabaki ya klorini. Hawakuwa wanapima. Waliandika tu, 0.5 au 0.75, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kwa anayejua kazi hii ni kichekesho, maji ya kweli hayakupi namba mbili maisha yote. Mkaguzi yeyote angefungua daftari angeshtuka. Na majibu ya maabara yalipokuja mabaya, Stan aliwaficha watu wa afya wakati wananchi bado wanakunywa.

Hapa sasa mleta uzi, majina yapo na saini zipo. Mwaka 2004 Stan akapewa mwaka mmoja jela, Frank miezi tisa ya kifungo cha nyumbani. Umeridhika?

Maana tume ya jaji O'Connor iligusa pia serikali ya jimbo: ilipunguza bajeti ya wizara ya mazingira, ikaacha upimaji uende maabara binafsi 1996 bila kuziwekea sharti la kutoa taarifa kwa wizara. Waliosaini bajeti ile hawakulala jela hata usiku mmoja. Saini unayoitaka wewe huwa inamkuta fundi, mkuu. Wakubwa wanasaini vitu vingine.

Bint Sheria

Mama umemaliza.

Nondo

Na ongezea Texas, Februari 2021. Baridi kali, mitambo ikaganda, visima na mitambo ya gesi ikakatiwa umeme kwa sababu wenyewe hawakuwa wamejaza fomu ya kujitambulisha kuwa ni muhimu, na bila gesi mitambo ya umeme ikakosa cha kuchoma. Nyoka anajimeza mkia. Hesabu rasmi ya jimbo ni vifo 246, wengi kwa baridi, wengine kwa sumu ya moshi wakijaribu kupasha nyumba joto. Na mwaka 2011 walishapata baridi kama hiyo, wakaandikiwa ripoti ya kukinga mitambo.

Kampuni za umeme zilipokwenda kushtaki ERCOT, wanaosimamia gridi ya Texas, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema Juni 2023 kwamba chombo hicho kina kinga ya kiserikali. Chombo kinajiendesha nje ya serikali mpaka siku ya kushtakiwa, siku hiyo kinavaa kofia ya serikali.

Nguzo Kavu

Tusisahau upande wa pili. Ukibana sana, wanajikinga kwa kukuzimia umeme. Oktoba 2019 PG&E ilizimia zaidi ya wateja 700,000 kwa mkupuo, kisa upepo. Kuna watu wanaishi kwa mashine za oksijeni humo. Hatari ilitoka kwenye vitabu vya kampuni ikahamia chumbani kwa mgonjwa, na huko hakuna wa kuihesabu.

Kulabu (mleta uzi)

Mama Klorini, shikamoo. Umenipiga pazuri. Nikiri nilipoandika "jina la mtu hai" kichwani nilikuwa nawaona mabosi, lakini kalamu ikaandika vingine.

Nirekebishe hivi. Fundi aandike alichokiona, na asiguswe kwa kusema ukweli hata kama ukweli huo ni kosa lake mwenyewe. Kwenye ndege wanafanya hivyo, rubani anaripoti aliponusurika bila kuogopa kufukuzwa. Jela iwe kwa mambo mawili: kuandika usichokiona, na kupokea taarifa ya hatari ukaiweka kwenye droo. La pili ndilo la mabosi. Akitaka kuahirisha matengenezo ya laini ya 1921 kwa mwaka mwingine, aruhusiwe, wakati mwingine fedha kweli hakuna. Ila aandike kwa mkono wake: nimeahirisha, sababu ni hii, hatari naifahamu. Nadhani kalamu ingekuwa nzito.

Mpigadebe

Na akiandika halafu kusitokee kitu, anapandishwa cheo kwa kubana matumizi. Naondoka zangu.

Kikombe cha Juu

Nimesoma tangu mwanzo, nikajiuliza nichangie au ninyamaze. Nilikuwa kwenye ukaguzi wa laini za msongo mkubwa miaka kadhaa. Kampuni na nchi mniachie.

Mnazungumzia kulabu, ngoja niwaeleze inavyokuwa. Kutu ya juu haina neno, kila chuma cha zamani kina kutu. Ulaji unatokea pale vyuma viwili vinapogusana, ndani ya mpindo, na ukiwa chini hata uwe na darubini unaona umbo zuri kabisa la C. Lazima upande, usogee mkono wa mnara, uangalie kwa pembeni. Mnara mmoja ukipandwa vizuri unakula nusu ya asubuhi. Tulikuwa tunapewa orodha ya minara ya siku ambayo ukigawanya kwa saa unapata muda wa kushuka kwenye gari, kutazama juu na kurudi kwenye gari. Hakuna aliyetuambia tusipande. Orodha ndiyo ilisema.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: nzuri, ya wastani, mbaya. Ukitia "mbaya" unaandika maelezo, unaambatanisha picha, na wiki inayofuata unaulizwa mbona kikosi chako kina mbaya nyingi kuliko vingine. Ukitia "nzuri" hakuna anayekuuliza. Mwezi wa kwanza niliweka mbaya saba. Mwezi wa nne sikuweka hata moja, na laini ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo Mama Klorini, zile 0.5 na 0.75 zako nazijua zinavyozaliwa. Siwatetei. Nazijua tu.

Mama Klorini

Pole mwanangu. Na msimamizi wako alikuwa anajua?

Kikombe cha Juu

Alikuwa mkaguzi kabla yangu, mama. Alijua kuliko mimi. Yeye naye alikuwa na orodha yake, ya idadi ya fomu za kupeleka juu kila Ijumaa. Huko juu zilikuwa zinageuka asilimia, na kwenye mkutano mkubwa inaonyeshwa rangi ya kijani. Sidhani kama mtu wa bodi aliwahi kuona fomu yenyewe.

Kulabu (mleta uzi)

Kaka, naomba nikuulize, na usipotaka usijibu. Kuna mnara wowote unaoukumbuka, ambao hukupanda?

Kikombe cha Juu

Ipo mingi, ila mmoja naukumbuka namba yake mpaka leo. Ulikuwa kwenye mteremko, chini yake njia ya watoto wa shule. Niliweka "nzuri" nikiwa nimekaa kwenye gari, mvua inanyesha. Miaka miwili baadaye kikosi kingine kikapanda kwa kazi tofauti kabisa, wakakuta kikombe kimoja hakina pini ya kufungia, kimekaa kwa uzito wake tu. Wakatia pini nyingine, wakashuka. Aliyenisimulia alikuwa anacheka, hakujua fomu ya mwisho ya mnara ule ilikuwa na saini yangu.